Maji Yalikopita

Walipoondoa kapeti, sakafu ya gari ilibonyea chini ya goti la Cheche kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Gari lilikuwa la kaka yake. Zamani lilikuwa basi dogo la abiria. Kaka mtu alipostaafu udereva wa malori aling'oa viti, akaweka kitanda, jiko, kabati na sinki, likawa nyumba yenye magurudumu. Miaka yote ya kazi alikuwa akimwacha mkewe nyumbani na kuondoka. Sasa alimwahidi kwamba watasafiri wote, na yeye atakaa kiti cha mbele. Fremu ya chuma ya kuta na paa ilichomelewa na mdogo wake, fundi wa mageti na madirisha, ambaye watu walimwita Cheche kwa sababu ya kazi hiyo.

"Unaona," kaka alisema, akidunga sakafu kwa bisibisi. Ilizama mpaka kwenye mpini. "Nilimwambia shemeji yako, kuweka sinki ndani ya gari ni kufuga mto. Hakusikia."

Mkewe alikuwa nje ya mlango, ameinamia beseni, anaosha vyombo. Tangu gari lilipoanza kunuka uvundo na mumewe kuamua kwamba bomba la sinki linavuja, hakuligusa tena. Alichota maji kwa ndoo akaoshea nje, liwe jua, yawe manyunyu. Hakubishana. Alisema tu, "Labda ni mimi niliyelilegeza," na kila aliposema hivyo, Cheche alipata kitu cha kutazama upande mwingine.

Maana Cheche alijua. Msimu wa mvua uliopita aliazima gari hilo kuhamisha vitu vya mkwewe. Akiwa anarudi nyuma kwenye ua wenye miti, tawi lilikwangua paa na kupasua kiungo cha bati. Ulikuwa mpasuko mdogo, haukuzidi kidole. Aliujaza silikoni, akapaka rangi juu yake, akalirudisha gari limeoshwa linang'aa. Kaka yake alimshukuru kwa kuliosha. Cheche alijiambia atakuja siku moja alichomelee vizuri, kimya kimya. Siku moja ikawa kesho, kesho ikawa mtondo, mtondo ukawa mtondogoo, na mvua haikumsubiri.

Walianza kubandua mbao za ukuta. Nyuma yake, sufi ya kuzuia joto ilikuwa imelowa na kuwa nyeusi. Mabomba ya mraba ya fremu yalikuwa na kutu iliyotoka kwa magamba, na kadiri walivyoshuka ndivyo ilivyozidi. Boriti ya chini, ile inayoshika ukuta kwenye chesisi, ililiwa kiasi kwamba nyundo iliacha tundu badala ya mlio. Cheche aliinua macho. Mstari wa kahawia ulianza juu kabisa, kwenye paa, ukateremka kando ya dirisha, ukapita nyuma ya sinki. Kaka yake hakuuona. Shingo iliyokakamaa kwa miaka ya usukani haikumruhusu kutazama juu.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Cheche alisema, "Boriti hii tuikate yote."

"Na sinki litoke," kaka akajibu. Akageukia mlangoni. "Mama watoto, sinki lako linatoka leo."

Mkewe alifuta mikono kwenye khanga. "Litoke tu. Mimi nililipendea lile dirisha. Nilisema nitakuwa naosha vikombe huku naangalia njia." Akarudi kwenye beseni.

Cheche alipiga magoti akaingiza kichwa kabatini kulegeza nati. Kiungo cha bomba kilikuwa kikavu. Vumbi lilikuwa limetulia juu yake, na buibui alikuwa ametanda utando toka kwenye bomba hadi ukutani bila kusumbuliwa. Aliiweka spana chini. Alijitoa kabatini.

"Kaka, sinki halivuji."

"Halivuji vipi?"

"Maji yanatoka juu. Mimi ndiye niliyepasua paa, ile siku niliyoliazima. Nikaziba kwa silikoni, nikapaka rangi."

Kaka yake alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema. "Wewe uliuziba kwa rangi, sasa tunajenga ukuta na paa pia." Hakucheka, na Cheche hakucheka. "Chuma tutakikata. Lakini uliniacha nimseme mwenzangu, mara ngapi, na wewe umekaa hapo hapo unakunywa chai yake."

Nje, sauti ya vyombo ilikuwa imekoma. Shemeji yake alisimama mlangoni akiwa na sufuria mkononi.

"Nilianza kuiogopa mikono yangu," alisema taratibu. "Nikishika kitu nasema, hiki nacho nitakiharibu."

Cheche alifungua mdomo kuomba radhi. Maneno yalitoka, yote, na yalisikika mepesi kuliko lile sufuria. Shemeji yake aliyasikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei, akarudi kwenye kazi yake.

Kaka mtu akainuka akatoka. Alichukua kitambaa, akachuchumaa kando ya beseni, akaanza kufuta sahani. "Mimi nami," alisikika akisema, "hata sikuangalia. Nilikushika wewe kwa sababu ulikuwa karibu." Mkewe alimpa sahani nyingine.

Kazi iliyofuata Cheche aliifanya bila kuhimizwa. Alikwangua silikoni yake kwa tindo. Ilibanduka kipande kizima, na chini yake mpasuko ulikuwa umekua kuliko alivyouacha. Aliuchomelea, kisha akakata boriti yote iliyooza, akasugua palipobaki mpaka chuma kikang'aa, akachomelea bomba jipya, akalitoboa matundu chini ili maji yasilale ndani tena, akapaka rangi ya kuzuia kutu. Kaka yake alipitisha kidole kwenye kila kiungo. "Hapa pana kitundu," alisema. "Rudia." Cheche akashusha kinga ya uso akarudia. Mbao mpya zikafungwa, sinki likabaki chini ya dirisha lake.

Mvua ya kwanza ilipopiga, ilimkuta Cheche kwenye kibanda chake cha kuchomelea. Hakungoja kuitwa. Alibeba ngazi begani, akafika kwa kaka yake amelowa chepechepe.

Shemeji yake ndiye aliyemfungulia. Sura yake ilikuwa ya upole, kama siku zote, na miaka yote tangu aolewe alikuwa akimwita shemeji.

"Karibu, fundi," alisema.

"Asante," Cheche alijibu. Akaegemeza ngazi kwenye gari, akapanda kuangalia paa.