Kuku Namba Saba Yuko Marachi

Bi. Amongin, afisa wa mifugo na mwamuzi wa maonyesho ya kuku mjini Busia, alinipigia simu Alhamisi asubuhi nikiwa bandani. Kamati imekubali ombi langu, alisema, lakini kuna sharti.

"Mzee Wabwire, aina mpya haiingii kwenye daftari mpaka tuone vizazi vitatu. Bibi, mama na binti, Jumamosi kabla ya saa sita. La sivyo nawaandika mchanganyiko."

Mchanganyiko! Miaka kumi na mmoja nimechagua jogoo na tetea, nikisoma habari za urithi wa viumbe kwa bidii ileile niliyoingia nayo darasa la jioni nikiwa na miaka thelathini na minne, mpaka nikapata kuku weusi tii wenye kishungi cheupe kichwani na manyoya yanayoshuka hadi vidoleni kama soksi. Kila mmoja ana pete yenye namba mguuni na ukurasa wake katika kitabu changu. Kutoka Sigalame hadi Malaba hutapata mwingine kama wao. Halafu waitwe mchanganyiko, kama maharagwe ya sokoni?

Mama na binti nilikuwa nao. Shida ilikuwa bibi. Mwaka juzi kideri, ule ugonjwa unaofagia mabanda ya kuku, kilipita kwetu kikaniachia wale wachanga tu niliokuwa nimewahi kuwachanja. Kati ya wakubwa alipona mmoja, namba saba, kwa sababu hakuwa kwangu. Mwezi mmoja kabla ya ugonjwa nilikuwa nimempeleka Marachi, zawadi kwa mama mkwe wangu, Edinah.

Mke wangu Zilpa alicheka mpaka akaweka sufuria chini. "Baba Oduori, zawadi uliyompa mama yangu utaidai? Afadhali ukaezue mabati ya nyumba yake!"

"Nenda wewe basi."

"Mimi? Soksi za kuku zako zisinitoe kwangu."

Kwa watu wetu, mkwe hamsogelei mama mkwe. Humpi mkono, huketi naye chumba kimoja, mkikutana njiani unampisha na kutazama kando. Mimi nina miaka sitini na tisa, yeye themanini na saba, na kwa miaka arobaini na mitatu hatujawahi kusemezana ana kwa ana.

Ijumaa nilipanda bodaboda hadi Marachi. Nilisimama nje ya ua, uso nimeuelekeza barabarani. Edinah alikaa ndani, karibu na mlango. Winny, mke wa shemeji yangu, akasimama katikati kupeleka maneno, ingawa kila mmoja wetu alimsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Mwambie sidai kuku," nikasema. "Naomba kumwazima siku moja."

"Mama, anaomba kuazima."

"Nimesikia. Mwulize ni wapi watu huazima zawadi."

"Anauliza—"

"Nimesikia pia. Mwambie kuku hawa wataandikwa mchanganyiko."

Edinah hakumngoja Winny. "Nani anawaita hivyo?"

"Kamati."

"Hiyo kamati imemwona huyu wangu?"

"Bado. Ndiyo maana nimekuja."

"Basi mwambie kuku wangu analalia mayai kumi na mawili. Kesho ni siku ya ishirini na moja."

Mfugaji yeyote anajua maana yake. Ukimtoa kuku siku hiyo ya kuangua, mayai yanapoa na vifaranga wanafia ndani ya maganda. Niliitazama barabara, nikaifikiria miaka kumi na mmoja, nikavaa kofia yangu.

"Mwambie amwache palepale," nikasema. "Vifaranga kwanza."

Nilikuwa nimepiga hatua kama tano sauti ya Edinah iliponifuata.

"Anakwenda wapi? Mwambie sijamaliza. Kuku ataenda na kikapu chake, na mayai yake, na mimi. Atafute gari lisilorukaruka."

Jumamosi, kwenye uwanja wa maonyesho, ilipofika saa tano na nusu, shati langu lilikuwa limelowa jasho. Mama na binti walikuwa kwenye tundu, na tundu la bibi lilikuwa tupu. Saa tano na dakika arobaini Probox iliingia uwanjani polepole kama gari la arusi. Edinah alikaa mbele, kikapu mapajani, blanketi juu yake, na Winny nyuma. Dereva, Edris wa mjini, aliruka nje.

"Mzee, nimeendesha kama nimebeba maji kwenye sahani! Nikigusa shimo tu, huyu nyanya ananichapa bega!"

Bi. Amongin akatuita. "Mwenye kuku na mfugaji, njooni mezani. Nataka pete na kitabu pamoja."

Waliojua mila walianza kucheka. Zilpa, ambaye mwishowe soksi zilikuwa zimemtoa kwake, akashirikiana na Winny wakatandaza leso katikati yetu kama pazia, mimi na kitabu huku, Edinah na kikapu kule.

"Namba saba!" nikasoma. "Kishungi kamili, soksi hadi kidole cha kati!"

Bi. Amongin akaingiza mkono, akautoa mbio. "Anadonoa!"

"Ngoja," akasema Edinah. Akapitisha viganja chini ya kuku, akamnyanyua taratibu.

Pete ilikuwa pale, saba, wazi kabisa. Na chini yake walitikisika vifaranga wanne wenye unyevunyevu, na yai moja likipasuka mbele ya macho yetu.

"Wana soksi!" mtu akapiga kelele. "Jamani, wamezaliwa na soksi!"

Kweli. Manyoya laini mpaka vidoleni, na kila kichwa kina kifundo cheupe.

"Mama! Umeona?" nikapaza sauti juu ya leso.

Nikajiziba mdomo kwa kitabu. Upande wa pili nikasikia kicheko chembamba.

"Nimeona, mwanangu. Punguza sauti, unawatisha."

Bi. Amongin akafungua daftari. Kabla hajamaliza kuuliza jina, nilikuwa nimeshalitaja: Kishungi cha Wabwire. Aliandika saa sita kasoro dakika nne, na Edinah akasisitiza iongezwe kwamba bibi yao anakaa Marachi.

Foleni ya waliotaka vifaranga ilijipanga upande wa Edinah, si wangu. Haidhuru. Nilisimama upande wangu nikiwasomea kitabu kwa sauti, na yai la sita lilipasuka nikiwa kwenye ukurasa wa nne.