Jozi Mbili za Vishikio vya Moto

Sijawahi kuona watu wanaocheka maradhi ya mwenzao kama waendesha bodaboda wa kijiwe cha Baleni. Mume wangu Taufiki alipowaambia kwamba vidole vyake hufa ganzi asubuhi za kipupwe, walicheka mpaka mmoja akashika kiti cha pikipiki asianguke. Baridi ya Mafia! Wakamuuliza kama theluji imeshafika Kirongwe.

Mimi ni Shamsa, mkewe, na vidole hivyo navijua. Miaka kumi na tatu Taufiki amekuwa akichukua samaki na pweza huko Bweni, kwenye dago, kambi ya wavuvi wageni, na miaka yote hiyo amewapanga kwenye barafu kwa mikono mitupu. Siku hizi akitoka alfajiri, upepo wa baharini ukampiga njia nzima, vidole vinageuka vyeupe kama muhogo uliomenywa. Ukivibana hasikii. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na wale wa kijiweni walikuwa hai na wazima.

Mwezi wa sita alimwangusha abiria, mama mmoja wa Kirongwe, kwa sababu alidhani ameshika breki kumbe hajashika. Mama alichunika goti tu, lakini Abubakari, mwenyekiti wa kijiwe, akaitisha kikao. Alisema mtu ambaye mkono wake hausikii breki si wa kubeba watu, na Taufiki akianguka tena kwa sababu ya vidole vyake atavua fulana. Fulana ile ya kijani yenye namba ndiyo kazi yenyewe. Asiyekuwa nayo hapakii mtu wala mzigo Baleni, na Taufiki hana kazi nyingine anayoijua.

Nilikwenda kijiweni siku ileile. Nilimuuliza Abubakari mbele ya wenzake, mafuta ya nazi nyumbani kwake yanaganda mwezi huu au hayagandi. Akakubali kwamba yanaganda. Nikamuuliza yanagandishwa na nini kama si baridi, au yanafanya mchezo. Taufiki alinishika mkono tukaondoka, na njia nzima akawa ananiambia hasira hasara. Nilimwambia hasara ninayo tayari.

Kaka yangu Sadick ni fundi pikipiki, na yeye ndiye aliyeniambia kuna vishikio vya moto. Vinafungwa kwenye usukani, vinaunganishwa na betri, vinapasha viganja. Tulivitafuta kwenye simu tukawaona Wazungu wamesimama kwenye theluji na makoti yao, wanabishana kipi bora kama watu wanaogombea shamba la urithi. Sadick akaagiza jozi mbili kutoka Dar es Salaam, zikaja na boti. Moja ilikuwa ya mpira mgumu, unatoa kishikio cha zamani unavalisha hicho. Nyingine ilikuwa ya kitambaa kinene, unaizungushia juu ya kishikio kilichopo na kuibana. Jozi tutakayoikataa ataifunga yeye kwenye pikipiki yake.

Sadick alitaka tuchukue ya mpira. Alisema kitambaa kitakunywa maji ya barafu kioze. Nikamwambia hatutabishana kama wale wa kwenye simu, tutapima. Kazi yangu ni kupika mafuta ya nazi, na mambo ya joto na baridi nayajua kwa mafuta. Asubuhi na mapema, jua halijapanda, Sadick akafunga kishikio cha mpira upande wa kushoto na cha kitambaa upande wa kulia, akawasha pikipiki. Nikachota mafuta yaliyoganda, kijiko kimoja nikaweka juu ya kishikio hiki, kimoja juu ya kile, nikasimama na simu mkononi nahesabu dakika.

Kwenye kitambaa yaliyeyuka kwa dakika tatu. Kwenye mpira yalikawia mpaka ya saba. Sadick alifungua mdomo aseme jambo, nikamkatiza. Nilivifuta vishikio kwa upindo wa kanga, nikamwambia afunge vya kitambaa pande zote mbili. Taufiki, ambaye hapingi kitu, akasema sawa.

Kesho yake alitoka baada ya swala ya alfajiri. Saa nne nilimwona anarudi kwa miguu, anasukuma pikipiki, suruali imechanika gotini, kifua wazi. Alisema ameanguka kwenye mchanga kabla ya Kirongwe, na mvuvi aliyempakia amechubuka kiwiko. Akasema fulana amekwisha kuivua. Sikumngoja amalize. Nilijifunga kanga kiunoni nikatoka.

Nilimwambia Abubakari yote yaliyokuwa moyoni. Nilimwambia ana roho mbaya, kwamba alikuwa anaingojea siku hii, kwamba Mungu atamwonyesha ganzi ni kitu gani. Aliniacha nikaishiwa pumzi.

"Shemeji, mimi sikumvua," alisema. "Nilimuuliza kama ni vile vishikio vipya. Akaniambia vishikio ni vizuri, ila vidole vyake vimekufa. Akavua mwenyewe, akanipa."

Nilirudi nyumbani. Taufiki alikuwa amekaa barazani. Nikauchukua mkono wake wa kulia ili niuoshe, na kiganja kilikuwa kinanukia mafuta ya nazi.

Nikaenda kwenye pikipiki nikakikamua kile kishikio cha kulia. Mafuta yakachuruzika kati ya vidole vyangu. Kanga yangu ilifuta ya juu tu. Mengine kitambaa kilikuwa kimeyanywa, na kilipopata moto kikamrudishia mume wangu kiganjani, akiwa na abiria nyuma. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Vidole vilikuwa vimekufa?" nilimuuliza.

"Vilikuwa hai. Tangu Bweni nilikuwa nasikia mpaka mshono wa kitambaa." Alitazama chini. "Mkono uliteleza. Wangekucheka, Shamsa. Mimi nimeshazoea."

Nimewahi kuwakasirikia watu wengi, na wengine walistahili, lakini hakuna niliyemkasirikia kama nilivyomkasirikia huyu mpole. Tumefundwa kwamba mume na mke husitiriana. Lakini mtu anavua kazi yake, anakaa barazani kifua wazi, ili kijiwe kisimcheke mkewe! Na mimi nimetoka kumwapiza mtu asiye na kosa. Nilikifungua kishikio nikarudi kijiweni nacho.

Nilikiweka kiganjani mwa Abubakari nikamwambia akikamue. Kisha nikawaeleza wote, kijiko, dakika tatu, dakika saba, upindo wa kanga. Nikasema kosa ni langu. Walicheka. Walicheka kuliko siku ile ya theluji, na yule wa kushika kiti alikishika tena. Nilisimama palepale mpaka walipomaliza.

Abubakari hakucheka. Alinusa kiganja chake, akakifuta kwenye suruali.

"Mkono ulioteleza si mkono uliokufa," alisema, akaitoa fulana chini ya kiti cha pikipiki yake. Akaniambia Taufiki asirudi barabarani mpaka Sadick amfungie vile vya mpira. Nikamwomba radhi kwa maneno ya kwanza. Hilo lilinichoma kuliko vicheko.

Nyumbani niliitupa fulana mapajani mwa Taufiki.

"Siku nyingine ukinisitiri namna hii, nakuacha."

Aliikunjua akaitazama namba, kama anahakikisha ni yake. Kisha akaniuliza kama wamenicheka. Nikamwambia wamecheka sana, na mmoja amecheka mpaka machozi.

Taufiki, ambaye hapingi kitu, aliinuka na goti lake bovu, akaivaa fulana, akatafuta viatu.

"Nani?" aliuliza.

Nilimwambia akae, hasira hasara.