Kamera Mbili, Mama Mmoja

"Leo tena umemleta Bibi uwanjani?" mdogo wake alimpigia kelele kutoka jukwaa la pili la kamera. "Kaka, mwonee huruma. Mwache alale!"

Bibi ilikuwa kamera ya kituo cha televisheni cha taifa. Waliipa jina hilo kwa sababu ilikohoa kila ilipogeuzwa kushoto. Kaka mtu aliifuta lenzi kwa ncha ya shati, kama anayemfuta mgonjwa uso.

Wivu haubishi hodi. Ulikuwa umeshaingia, umeketi, umenyoosha miguu. Kituo cha kulipia, wapinzani wao, kilikuwa na kamera nyuma ya kila goli, na nyingine ikiteleza angani juu ya waya. Walirudia tukio polepole mpaka ukaona tone la jasho likiacha kidevu cha mchezaji. Kituo cha taifa kilileta kamera mbili; ya tatu ilikuwa stoo, ikisubiri kipuri. Na nyuma ya kamera mpya ya wapinzani hao, yenye lenzi nene kama mtungi, nani alisimama? Kitinda mimba wa mama yao, ambaye kaka mtu mwenyewe alimfundisha kushika kamera.

"Sisi angalau hatukatizi mpira kuuza sabuni," alisema hatimaye.

"Kweli, kaka. Kwenu mpira hujikatikia wenyewe!"

Hata walinzi walicheka.

Angestahimili yote hayo. Kilichomchoma ni kile king'amuzi. Wiki iliyopita Kitinda alimpelekea mama dishi na king'amuzi, akamfungia yeye mwenyewe. Miaka yote mama alitazama kituo cha taifa tu, na mpira ukianza aliwatambia majirani: "Mnaona? Hilo ni jicho la mwanangu." Leo, kwa mara ya kwanza, alikuwa na pa kuhamia.

Asubuhi kaka mtu alikuwa amempigia simu. "Mama, leo utatazama wapi?"

"Nitatazama mpira," mama alijibu, akakata.

Fainali ilifika kipindi cha pili bila goli. Mpira ukatoka nje, na sauti ya mwongozaji wa matangazo ikamjia masikioni: "Asante, kamera moja. Nakwenda mbili." Taa nyekundu juu ya Bibi ikazimika. Taa ikizimika, picha yako haiendi hewani, jicho ni lako.

Akaigeuza kushoto. Bibi ikakohoa. Akamvuta mdogo wake karibu kwa lenzi mpaka uso ukajaa kioo. Kitinda alikuwa ametoa ncha ya ulimi, na ile lenzi nene ikimtii kama maji yanavyoutii mfereji. Hapigani na mashine, aliwaza. Mimi kila siku napigana.

"Mbili imekufa!" mwongozaji alipiga kelele. "Sina picha nyingine! Moja, nakuja kwako, rudi uwanjani!"

Taa ikawaka. Aliiona. Mkono wake ulijua la kufanya hata usingizini, lakini moyo uliushika. Kitinda alikuwa ameanza kutabasamu, akikifuata kitu uwanjani kwa lenzi yake, na kaka mtu akajua kwamba kitu kizuri kinakuja, na kwamba hicho nacho kitakuwa cha mdogo wake. Akabaki analitazama tabasamu lile, pumzi ya kwanza, pumzi ya pili.

Uwanja ukalipuka.

"Goli! Moja, uko wapi? Nchi nzima inatazama uso wa mtu!"

Bibi ilipogeuka, wachezaji walikuwa wamelaliana kwenye kona wakishangilia. Na kamera mbili ikiwa imekufa, hapakuwa na cha kurudia.

Mechi ilipokwisha, mwongozaji hakugomba. "Kesho, ofisini kwangu," alisema tu.

Alikuwa akikunja waya simu ilipolia. Mama. Mtu aliyeamka akiomba mama asihamie kwa Kitinda, sasa aliomba awe amehamia.

"Mwanangu!" Mama alijaa furaha. "Nimemwona mdogo wako! Uso mzima! Ametoa ulimi vilevile kama alipokuwa akinitungia uzi kwenye sindano. Nani mwingine angenionyesha mwanangu?"

"Mama... ulitazama kwetu?"

"Nitazame wapi tena? Lile sanduku lake nimelifunika kitambaa, lisipate vumbi. Ila majirani wanapiga kelele eti kuna goli. Goli gani hilo? Mbona hukunionyesha?"

Kitinda alikuwa ameshuka jukwaani, anakuja kwake na chupa mbili za maji, hana habari.

"Nani huyo, kaka?"

"Mama," alisema, akamnyooshea simu bila kumtazama. "Anataka kuhadithiwa goli."

Kitinda akaketi juu ya gurudumu la waya. "Mama, sikiliza! Yule winga wao alianzia mbali, huku kulia..." Mkono wake ulichora hewani, mabeki wakaanguka mmoja mmoja.

Kaka mtu alimpa mgongo, akaendelea kukunja waya, polepole, kisha polepole zaidi. Goli lile hata yeye hakuwa ameliona.