Pua ya Mpimaji Mkuu

Jumamosi asubuhi fundi wa meno bandia alifika kwa shangazi yake, akavua viatu mlangoni na kuingia moja kwa moja jikoni, ambako binamu zake walikuwa wakimenya viazi. Akashika kisu. Shangazi akakichukua taratibu.

"Wewe mgeni wetu, mwanangu. Kakae sebuleni."

Ulikuwa mwaka wa sita tangu ahamie hapa, na bado alikuwa mgeni. Mama yake, muuguzi asiyetulia mahali, alimlea katika nchi tatu. Alijifunza kusoma kwa lugha moja, kutukana kwa nyingine, na Kiswahili kikaja mwisho, na lafudhi iliyowavunja binamu mbavu. Sebuleni aliletewa soda kwenye glasi ya wageni. Mume wa shangazi akauliza lile lile la siku zote.

"Huko kwenu hawajambo?"

"Kwetu ni hapa, baba."

"Sawa, sawa. Lakini kwenu hasa?"

Akasingizia kazi, akaaga, akavaa viatu kwa hasira.

Alikwenda kwa fundi cherehani, ambako kila Jumamosi hukutana wapenzi wa vitabu vya katuni vya Wapimaji wa Mwezi kutengeneza mavazi na barakoa za wahusika wake. Utotoni shule zilibadilika, marafiki wakabadilika, lakini vitabu hivyo alihama navyo kila mahali.

Hata kukaa hajakaa, barakoa moja mkononi, fundi cherehani akamvaa.

"Plasta, saa hizi ndiyo unafika? Maonyesho kesho, barakoa ziko wapi?"

Walimpachika jina hilo kwa sababu ya kazi yake ya kumimina plasta kwenye kalibu za meno.

"Mbili hazijakauka."

"Wiki nzima? Na hii ya Mpimaji Mkuu umeikosea. Tunaigiza toleo la tisa, na humo pua imeshavunjika."

"Ilivunjika la kumi na moja. Soma kwanza ndiyo unifokee."

Mwalimu wa hesabu, mwenzao, akafungua toleo la tisa na kulisukuma mbele ya Plasta. Pua ilikuwa imevunjika. Wakamcheka mpaka akatamani kuondoka, ila lafudhi yake hakuna aliyeigusa.

"Rekebisha," fundi cherehani alisema, akimtupia msasa. "Na leo zamu yako kufagia."

Alikuwa akisugua kwa hasira, vumbi jeupe limemjaa mapajani, simu ilipoita. Shangazi.

"Umeondoka hujala. Uko wapi?"

"Niko nyumbani, shangazi."

"Mbona nasikia watu wanagombana?"

"Wananigombeza mimi, shangazi, na leo zamu yangu kufagia." Akaaga, akaendelea kusugua.