Mstari wa Ziada Sikioni

Kila mwaka, Novemba ikianza, Shangazi Bernadine alibandika karatasi ileile kwenye mlango wa bafu: MARUFUKU MAJI YA MOTO MPAKA NITAKAPOSEMA. Chini yake, kwa kalamu nyekundu, aliongeza: HATA WEWE, DEWEY.

Kituo cha kutotolesha samoni cha Ghuba ya Haskett kilikuwa na boila moja. Mwaka mzima boila ile iliwahudumia watu watatu wanaoishi pale, lakini kwa siku arobaini za majira ya baridi ilihamishiwa kwa samaki. Ndani ya kichwa cha samaki kuna kijiwe cha sikio, kidogo kuliko punje ya mchele, na kijiwe hicho hukua tabaka juu ya tabaka. Mpe kifaranga maji ya uvuguvugu siku moja, kesho yake mrudishie ya baridi, kijiwe kinaandika mstari mweusi. Rudia, kinaandika mwingine. Ndivyo kila kituo cha Alaska kinavyoweka alama yake, ili samaki akivuliwa baada ya miaka minne, mtu ampasue kichwa na kusoma alikozaliwa. Alama ya Haskett mwaka huo ilikuwa mistari mitatu, nafasi, miwili, nafasi, minne. Vifaranga milioni kumi na moja waliandikwa kwa pamoja, na boila haikuwa na ubavu wa kuandika na kuogesha.

Basi watu walinuka. Nisipambe maneno, walinuka. Kazi ya kila siku ilikuwa kuvuta trei baada ya trei na kuokota mayai yaliyokufa na kuoza, na uozo ule haujali kitambaa wala sufuria ya maji ya jikoni; ukijipangusa unausambaza tu. Dewey, fundi wa boila, mtu wa miaka arobaini na maneno elfu, aliwahi kujaribu maji ya baridi ya bomba. Alitoka bafuni akiimba nyimbo za kanisani, na yeye kanisani hakuwa amekanyaga tangu abatizwe. Wakati wa kula kila mtu alikaa kwenye ncha yake ya meza, na kwa kuwa meza ina ncha mbili, wa tatu alikula amesimama dirishani.

Mara nyingi aliyesimama alikuwa Orrin Tveit, mwangalizi wa trei, mjane wa miaka hamsini na saba, mrefu, mpole, mwenye haya kupita kiasi. Miaka ishirini na miwili aliandika masikio ya samaki na hakuwahi kukosea mstari hata mmoja. Hilo alilijua kwa sababu kulikuwa na mtu aliyemwambia.

Mtu huyo alikuwa Remedios Villaluz, msomaji wa vijiwe katika maabara ya Juneau. Kila msimu Orrin alimpelekea sampuli pamoja na fomu ya serikali, na chini kabisa ya fomu palikuwa na kisanduku kimeandikwa Maelezo Mengine. Miaka sita iliyopita, fomu ilirudi na maneno mawili kisandukuni: "Mistari safi." Mwaka uliofuata: "Mistari safi sana." Ile "sana" Orrin aliitafuna wiki mbili. Katika fomu iliyofuata naye akaandika: "Asante. Huku mvua." Akajibiwa: "Huku pia. Una mkono mtulivu, Orrin." Mahaba gani ya kutumia nakala tatu, moja ya bluu, moja ya njano, moja ya kubaki ofisini? Lakini ndiyo yaliyokuwepo, na mwenzangu usicheke, wapo walioandikiana vitabu wakaishia kutupiana sahani.

Mwaka huo fomu ilikuja na habari nyingine. "Nastaafu Desemba. Kabla ya hapo nazungukia vituo kuchukua sampuli mwenyewe. Nataka kuuona mkono huo."

Orrin aliisoma akiwa kati ya trei, akashika ukingo wa tangi. Akistaafu, fomu zimekwisha. Fomu zikiisha, na yeye akikaa kimya anavyokaa kimya siku zote, mwanamke yule atapanda ndege, na Orrin habari zake hatazisikia tena mpaka aingie kaburini. Ilibidi safari hii afungue mdomo. Na mtu atafunguaje mdomo mbele ya mwanamke huku ananuka mayai yaliyooza ya siku ishirini na sita?

Ndege ilitarajiwa tarehe nne Desemba. Tarehe tatu, saa tisa alasiri, Shangazi Bernadine, meneja wa kituo, alikuwa kitandani na mafua, na Dewey alikuwa kwenye bwawa la juu akiondoa majani yaliyoziba mkondo. Orrin aliingia chumba cha boila, akageuza koki ya bomba la samaki, akafungua ya bafu. Dakika kumi tu, alijiambia. Aliyagusa maji. Akasita. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Orrin alikuwa ameshavua.

Alijisugua kwa sabuni ya msonobari mpaka ngozi ikawa nyekundu. Akatoka, akavaa shati safi, akakaa ukingoni mwa kitanda ili afunge kamba za viatu kisha akarudishe koki. Mwili uliokuwa haujapata joto la maji kwa siku ishirini na sita haukumsubiri. Alilala na kamba mkononi.

Aliamka saa nne asubuhi.

Alikimbia na kiatu kimoja. Koki ilikuwa vilevile. King'ora cha kituo hulia maji yakikatika, hakilii maji yakipoa, kwa hiyo kwa saa kumi na tisa vifaranga milioni kumi na moja walikuwa wametulia kwenye baridi katikati ya siku yao ya joto, wakiandika mstari ambao hakuna aliyewaagiza. Orrin aligeuza koki, akakaa sakafuni. Mistari miwili ya katikati ilikuwa sasa mitatu, na hakuna kifutio cha sikio la samaki.

Dewey alimkuta pale. Akanusa hewa. Akanusa tena.

"Bwana wewe! Unanukia kama bibi harusi!"

"Dewey, nyamaza."

"Umeoga! Orrin Tveit ameoga! Na mimi ndiye ninayeandikwa mlangoni kila mwaka kwa kalamu nyekundu!"

"Nimeharibu mstari."

Dewey aliacha kucheka. Alikaa karibu naye, halafu akasogea kidogo, maana kwa mara ya kwanza aliisikia harufu yake mwenyewe. "Sikiliza, kaka. Kwenye friza tuna sampuli za mwaka jana. Safi kabisa. Mpe hizo. Nani atajua?"

"Yeye atajua."

"Basi mshibishe mpaka asinzie. Mfichie miwani. Mwambie samaki wetu hawana masikio!"

Ndege haikuja siku hiyo. Ukungu ulishuka ukakaa siku nne, mweupe, mzito, hata gati halikuonekana. Na hapo ndipo mambo yalipozidi kuwa ya kichekesho cha kulia. Ili abaki msafi, Orrin alianza kuokota mayai amevaa koti la mvua, glavu mbili mbili na mfuko wa plastiki kichwani. Alikula amevaa koti. Alilala amevaa koti. Shangazi Bernadine, ambaye kwa mafua asingesikia hata harufu ya moto, alimwangalia siku mbili, akauliza, "Mwanangu, paa la chumba chako linavuja?"

"Hapana, Shangazi."

"Basi ni wewe unayevuja."

Siku ya tatu koti lenyewe lilianza kunuka. Siku ya tano, ukungu ulipoinuka na ndege ikasikika juu ya ghuba, Orrin alikuwa ananuka kama wenzake, labda na nyongeza ya plastiki. Kuoga kwake kote kulikuwa kumekwisha. Kulikuwa kumebaki mahali pamoja tu duniani, masikioni mwa samaki.

Remedios Villaluz alishuka kwenye gati akiwa na sanduku la hadubini mkono mmoja na sufuria ya tambi za kukaangwa mkono wa pili, imefungwa kwa taulo. Alikuwa mfupi, mwenye mvi zilizokatwa karibu, mtu wa kucheka haraka. Alimwambia rubani amfuate saa nane, kisha akamtazama Orrin.

"Kumbe ni mrefu hivi! Mwandiko wako ni mdogo, nilidhani na wewe ni mdogo."

"Karibu," alisema Orrin. Hilo tu ndilo lililotoka.

"Nje kunanuka, ndani sijui kukoje," alisema Remedios akicheka. "Usijali. Vituo vyote nilivyopita ni hivihivi. Na mimi miaka thelathini na moja nimepasua vichwa vya samaki. Unadhani nanukia waridi?"

Orrin alilitazama koti lake la mvua. Kumbe hakukuwa na haja. Hakukuwa na haja hata kidogo.

Walikula tambi zile na samoni wa Shangazi Bernadine wa kukaushwa kwa moshi, kisha Remedios akasafisha meza, akapanga vioo vyake, akadai sampuli. Dewey alimkonyeza Orrin kuelekea friza mpaka jicho likachoka. Orrin alikwenda kwenye trei za mwaka huu, akachota vifaranga ishirini, akawaleta mezani kwa mikono yake miwili. Kama kuharibikiwa ni kuharibikiwa, si kwa kumdanganya.

Remedios alisaga kijiwe cha kwanza, akainamia hadubini. Akasaga cha pili. Cha tatu.

"Orrin."

"Naam."

"Tarehe tatu Desemba mlikuwa mnafanya nini huku?"

"Dewey!" alipiga kelele Shangazi Bernadine, hata kabla ya kujua kosa ni lipi.

"Mimi? Ninuse, Shangazi! Njoo uninuse hapa!" Dewey aliinua kwapa. "Huyu ni mtu aliyeoga?"

"Ni mimi," alisema Orrin. "Nilioga."

Shangazi Bernadine alimgeukia polepole, kama mtu aliyeambiwa mlima umehama. "Wewe? Miaka ishirini na miwili, na mwaka huu umepandwa na nini?"

Orrin alimtazama Remedios. Alitafuta mahali pa kuandika, hapakuwepo. "Nilitaka ukija unikute msafi," alisema. "Nikalala na koki iko wazi. Mistari yangu ndiyo uliyokuwa unaisifia, na nimeiharibu kwa ajili yako. Nisamehe."

Remedios alirudi kwenye hadubini, akatazama muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Alipoinua uso, macho yalikuwa na maji.

"Humu nimesoma dhoruba," alisema. "Nimesoma boila mbovu, umeme uliokatika, walinzi waliolala zamuni. Miaka thelathini na moja. Sijawahi kukuta kitu kilichoandikwa kwa sababu yangu."

"Lakini mistari ni michafu," alisema Orrin.

"Michafu kabisa." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Na nitaandika hivyo."

"Andika."

Alifungua orodha ya alama za vituo vyote, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa. "Mitatu, mitatu, minne," alisema mwishowe. "Haina mwenyewe. Naweza kuwasajilia kama alama mpya. Ila hiyo minne ya mwisho muiandike sawasawa: siku nane, na asioge mtu."

Shangazi Bernadine alishusha pumzi iliyomtoa na mafua. "Haogi mtu. Boila nitailalia mlangoni."

Fomu ilitaka sababu ya kubadilisha alama. Dewey alichungulia begani kwa Remedios akasoma kwa sauti, kwa sababu Dewey hana adabu: "Mgeni alikuwa anatarajiwa." Remedios aliweka saini chini yake, akabandua nakala ya bluu na ya njano.

Saa nane ndege ilirudi. Orrin alibeba sanduku mpaka gatini, na kila hatua alijiambia sasa, sasa, na kila hatua ikapita. Rubani alipokea sanduku, akapokea na fomu.

"Siku nane bila maji ya moto," alisema Remedios, akitazama ghuba.

"Siku nane."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo maji yapo," alisema Orrin. Akashika nguzo ya gati. "Baki. Sijui kusema vizuri. Nataka ubaki."

Remedios alimgeukia rubani. "Wapelekee hiyo fomu kule maabara. Waambie mimi nimestaafu tangu saa sita mchana."

Rubani alimtazama mama huyu, akamtazama mzee mwenye koti la mvua siku isiyo na mvua, akanusa, akatikisa kichwa, akafunga mlango. Ndege iliteleza juu ya maji, ikainuka, ikapotea nyuma ya kilima. Wakabaki wawili gatini kwenye baridi, Remedios na sufuria yake tupu mkononi, naye Orrin akaichukua ambebee.