Sauti ya Tatu

Delphia Stidham alikuwa chini ya lori la mtu, spana mkononi, akipigana na nati iliyoshika kutu, wakati Lonzo Fugate alipoingia mbio pale kwenye duka la matairi kama aliyefukuzwa na nyuki.

"Del! Toka huko chini. Tumekwisha."

"Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Wametusifu."

Delphia akajivuta kutoka chini ya lori, uso umejaa grisi, akamkagua binamu yake kwa macho ya mtu anayemtafutia mwenzake dalili za homa. Lonzo hakuwa mlevi, angalau si siku za kazi. Lakini alikuwa anaipunga simu hewani hata haisomeki, ikabidi Delphia amnyang'anye.

Hawa wawili walikuwa wameimba pamoja tangu utotoni, Delphia na gitaa, Lonzo na banjo ya babu yao. Masika ile iliyopita waliazima vinasa sauti, wakavisimika jikoni kwa mama yake Delphia, maana jiko lile lina kuta za mbao na sauti humo hukolea vizuri, wakatoa albamu yao ya kwanza. Waliiita *Upande wa Kivuli*, kwa sababu bonde lao halioni jua mpaka saa za chai. Walitegemea kuiuza kwa mashemeji, na pengine kwa yule mwalimu wa muziki wa shule ya wilaya ambaye hununua kila kitu kwa huruma.

Sasa gazeti kubwa la New York lilikuwa limeandika ukurasa mzima. Mhakiki, mwanamke ambaye hawakuwahi hata kumsikia, alisema hajapata kusikia albamu ya kwanza ya namna hiyo kwa miaka mingi. Alisema gitaa la Stidham halijipendekezi kwa mtu. Alisema banjo ya Fugate inacheka mahali ambapo wengine wangelia. Delphia alisoma, akahisi machozi yanakuja, kwa maana haya ndiyo maneno aliyoyaota tangu akiwa msichana wa kuimbia kuku. Kisha akafika chini.

"Lakini malkia wa albamu hii hakutajwa popote kwenye jalada," mhakiki aliandika. "Katika wimbo wa mwisho, kila Stidham anapoutoa mstari na kunyamaza, huibuka sauti ya tatu, ya mwanamke mzee, kwa mbali, ikiuchukua mstari ule na kuuburuta polepole hadi mwisho wake. Sijasikia sauti kuu kuliko hiyo mwaka huu. Ni nani huyu?"

"Sauti gani ya tatu?" akauliza Delphia.

"Ndiyo maana nimekwambia tumekwisha," akasema Lonzo. "Njoo garini."

Wakajifungia ndani ya gari la Lonzo, vioo juu, wakaufungulia wimbo hadi milango ikatikisika. *Mto ni mpana na miguu yangu imechoka*, akaimba Delphia wa kwenye spika, haraka haraka, kisha akanyamaza. Na kweli, kutoka nyuma kule, zaidi ya ukuta wa jiko, sauti ikaja. Ilikuwa nyembamba na ngumu, imejaa mikunjo, ikapanda pale isipotarajiwa na kuvunjika pale ilipotaka yenyewe. Delphia akapigwa na butwaa, grisi na yote.

"Mama," akasema.

"Orlena mwenyewe," akasema Lonzo. "Yuko barazani na maharage yake."

Najua mtaniuliza: watu wawili wenye masikio mazima waliwezaje kuurekodi wimbo, kuusikiliza wiki nzima, kuupeleka kwa fundi wa sauti mjini Lexington akausafisha, na wasimsikie mtu wa tatu? Anayeuliza hivyo hakulelewa katika kanisa la Laurel Fork. Pale hakuna kinanda, hakuna gitaa, wala noti za muziki. Ndugu Hobart, mwongoza nyimbo, husimama akaurusha mstari, na kanisa zima huudaka na kuuimba taratibu, kila mtu kwa mkunjo wake. Mtoto wa pale akisikia mstari umerushwa, mdomo hufunguka wenyewe, awe kitandani au kwenye foleni ya benki. Kwa hiyo Delphia, bila kufikiri, aliurusha mstari na kuacha nafasi. Na Orlena, aliyekuwa ameambiwa akae kimya barazani achambue maharage yake, naye bila kufikiri akaujaza. Kwa masikio yao mstari uliojibiwa si jambo la kushtukia. Wangeshtuka kama usingejibiwa. Yule fundi wa Lexington, maskini, alidhani ndio ustadi wenyewe.

"Bonde lote litajua," akasema Delphia. "Lonzo, wamemsifu mama. Kwa sauti yake."

Hapo ndipo palipouma. Laurel Fork hakuna anayesifiwa kwa kuimba. Ukimwambia dada wa kanisa kwamba leo umeimba vizuri, umemtukana. Ni kama kumwambia alikuja kujionyesha. Sauti hutolewa zichanganyike, asijulikane nani ni nani. Na Orlena, tangu mumewe Denver afe, mapafu yamejaa vumbi la makaa ya mgodini, alikuwa amebakiwa na vitu viwili vya kumwamsha asubuhi: bustani yake, na kule kuimba. Delphia aliogopa, na alijua anachokiogopa. Aliogopa kwamba mama yake hataimba tena.

"Tusimwambie," akasema Lonzo.

"Shangazi yako Zella ana simu."

Lonzo akaitia gari gia.

Walichelewa. Zella, dada yake Orlena, mwanamke ambaye habari ikimkalia tumboni usiku mmoja huamka anaumwa, alikuwa tayari barazani, simu imenyooshwa mbele, anasoma kwa sauti ya mnadani. Orlena alikuwa amekaa na beseni la maharage mapajani, nyuzi za maharage zimemshika aproni, kidole gumba kimesimama katikati ya ganda.

"'Sauti kuu!'" Zella akasoma. "Umesikia, Orlena? Kuu! Mimi nimekaa benchi moja na wewe tangu tuna meno ya maziwa, na sikujua kumbe nimekaa na malkia."

"Zella, nyamaza," akasema Delphia akipanda ngazi.

"Ninyamaze nini? Sijaandika mimi, ameandika mtu wa New York! Eti malkia hakutajwa kwenye jalada. Hata mimi nilikuwepo barazani siku ile, mbona mimi hawakunisikia?"

"Wewe ulikuwa umelala, shangazi," akasema Lonzo.

Orlena hakucheka. Akaliweka beseni chini, akafuta mikono. "Nataka kuusikia," akasema.

"Mama, si lazima..."

"Nimesema nataka kuusikia, Delphia."

Akashuka mwenyewe hadi garini, akaketi kiti cha mbele, aproni na yote, miguu nje. Lonzo akaufungulia wimbo, safari hii kwa sauti ya chini, kama mtu anayempa mgonjwa dawa chungu. Mstari ukarushwa. Sauti ikaja. Orlena akageuka nyuma kutazama kiti cha nyuma, kana kwamba kuna mtu.

"Nani huyo?"

"Ni wewe, Mama."

"Hapana."

Wakaurudia. Orlena aliinamisha kichwa, na Delphia akaona rangi inamtoka mama yake usoni kidogo kidogo. Sauti ile ikapanda, ikavunjika, ikanyamaza. Kuku wakasikika.

"Miaka yote hii naimba," akasema Orlena, "na sijawahi kujisikia. Hata siku moja. Kanisani husikii yako, unasikia yetu." Akamtazama binti yake, na macho yalikuwa ya mtu aliyeingiliwa chumbani. "Mbona iko peke yake? Kwa nini hamkunifunika?"

"Hatukujua, Mama. Haki ya Mungu hatukusikia. Tutaitoa, tutamwambia fundi aifute."

"Ishasikika New York hiyo. Maji yakimwagika hayazoleki." Akasimama. "Mmeniacha uchi, Delphia. Mbele za watu."

Akaingia ndani, akafunga mlango wa wavu taratibu, na kule kuufunga taratibu ndiko kulikomchoma Delphia kuliko kama angeubamiza. Hata Zella aliitia simu mfukoni.

Wahenga wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu hakutia maji. Aliacha kugema. Wiki ile nyumba ya Orlena ilikuwa kimya hata Delphia akawa anaisikia saa ya ukutani, jambo ambalo hakulijua tangu azaliwe, kwa sababu mama yake alikuwa ni mtu wa kuvumisha wimbo akiosha vyombo, akikanda unga wa biskuti, akitafuta miwani. Sasa alikanda unga akiwa ameubana mdomo. Simu ya mezani ililia, watu wageni wakiulizia "yule bibi", na Orlena akawa anainua na kuikata bila neno. Lonzo alikuja mara moja na habari kwamba ukumbi mmoja mkubwa wa Nashville unawataka, na ikiwezekana waje na bibi. Aliisema akitazama viatu vyake.

"Waambie bibi amekufa," akasema Orlena kutoka jikoni.

Delphia hakulala vizuri. Alikuwa na gazeti lile limekunjwa ndani ya kasha la gitaa, na kila alipolitazama furaha ilimjia kwanza, halafu aibu ikaja juu yake kuikalia. Alimchukia yule mhakiki. Kisha alijichukia mwenyewe, maana alijua kila neno la yule mwanamke lilikuwa kweli.

Jumapili akafanya jambo ambalo hakulifanya tangu aanze kupiga gitaa kwenye baa: alivaa gauni, akaenda Laurel Fork, akaketi benchi la nyuma kabisa karibu na mlango. Watu wakampa mkono bila kumuuliza kitu, kama desturi yao. Mbele kule, upande wa wanawake, aliiona shingo ya mama yake, na Zella kando.

Ndugu Hobart akasimama, mkono nyuma ya sikio, akaurusha mstari wa kwanza. Kanisa likaudaka.

Delphia akajua mara moja kwamba kuna kitu hakiko sawa. Wimbo ulikuwa mwembamba. Alidhani ni kwa sababu mama yake haimbi, na kweli Orlena hakuwa anaimba, taya lilikuwa limefungwa. Lakini sauti ya mtu mmoja haiwezi kulikondesha kanisa hivyo. Mstari wa pili ukarushwa, na hapo Delphia akawatazama watu. Walikuwa wamepunguza sauti, wote, waume kwa wake. Vichwa vimeelekea kidogo upande ule wa benchi la Orlena, masikio yamesimama. Watu waliomjua tangu kuzaliwa kwake, waliomzikia mume, walikuwa wanaimba chinichini ili wamsikie yule malkia wa New York. Hawakukusudia ubaya. Pengine hawakujua hata wanachokifanya. Lakini kanisa lilikuwa limegeuka ukumbi, na Orlena alikuwa ameinama katikati yake kama mtu anayesubiri mvua ya mawe ipite.

*Kwa nini hamkunifunika?*

Delphia akainuka. Mbao za sakafu zikalia chini ya viatu vyake, watu wakageuka, naye akapita katikati ya mabenchi hadi mbele, akajipenyeza kati ya mama yake na Zella, aliyefoka, "We mtoto, umepagawa?" Ndugu Hobart akaurusha mstari wa tatu. Delphia akafungua mdomo akaudaka kabla ya wenzake, juu mno, kwa nguvu zake zote, kwa ile sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde. Ilikuwa mbaya. Ilikuwa mbaya sana. Mhakiki yeyote angetoka nje. Mzee mmoja upande wa wanaume aliziba sikio waziwazi.

Ndugu Hobart akamtazama. Akamtazama Orlena. Halafu akawatazama watu wake, na uso ukamwiva, kama mzee aliyekuta wanawe wanachungulia dirishani. Mstari uliofuata hakuurusha, aliuvurumisha. Na Zella, ambaye tangu azaliwe hajakubali kushindwa kelele na mtu, akavuta pumzi akajibu. Nyuma yao akafuata mwingine, na mwingine, wanaume wakaingia kwa chini, nzito, mpaka madirisha yakaanza kutetemeka kwenye fremu zake.

Katikati ya mistari Orlena akainama kuelekea sikio la binti yake. Macho yake yalikuwa mbele.

"Umepotea tuni," akanong'ona.

"Najua, Mama."

"Basi endelea kupotea."

Mstari ukarushwa tena. Delphia akauvamia, na bega la mama yake lililogusana na lake likaanza kutikisika, kwanza kidogo, kisha kwa ule mtikisiko wa kuimba anaoujua tangu alipokuwa akibebwa kifuani. Alitega sikio kwa upande ule, aitafute sauti iliyotikisa gazeti zima la New York. Aliitafuta kwa bidii, kati ya sauti ya Zella na za wazee na yake mwenyewe.

Hakuipata. Machozi yakamtoka, akazidi kupiga kelele.