Ukungu wa Kukodi

Saa mbili na nusu asubuhi Scholastika alikuwa ameshapanga siku nne kati ya ishirini na moja. Siku ya kwanza wageni wapandie boti Pangani, wapokelewe kwa madafu na taulo za baridi. Siku ya pili waogelee kwenye matumbawe. Siku ya tatu Saadani, watazame tembo huku miguu yao imelowekwa kwenye beseni la maua. Siku ya nne mapumziko, utadhani hizo tatu zilikuwa kibarua. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili katikati ya mji wa Morogoro, mbali kabisa na bahari, kwa sababu tajiri wake, Bwana Mansuri, alishikilia kwamba chumvi inaua kompyuta. Scholastika hakuwahi kupanda boti hata siku moja. Bahari aliijua kwa picha, na alikuwa ameiuza kwa miaka sita bila mteja kulalamika.

Fomu ya wageni ilikuwa na sehemu ya mahitaji maalumu. Familia hii ya watu wanane iliandika kwamba inataka pwani yenye joto, ila asubuhi kusiwe na joto. Scholastika aliisoma mara mbili. Ilikuwa Ijumaa, mgongo unamuuma, na hakuwa amepanda kwao mlimani tangu Pasaka. Akaandika: "Ukungu wa asubuhi kutoka Uluguru, saa kumi na mbili hadi saa tatu." Alidhani anapamba maneno tu. Kila siku aliandika "machweo ya dhahabu" na hakuna aliyewahi kuja kuidai hiyo dhahabu.

Wageni wakajibu siku ileile kwamba hicho ndicho walichokuwa wakikitafuta.

"Huo ukungu una wenyewe?" Mansuri aliuliza.

"Una wenyewe, bosi. Ni wa ukoo wetu, upande wa mama."

"Msemaji wenu nani?"

"Mjomba Kondo."

Kwa Waluguru ardhi na chemchemi na kila kinachotua juu yake hupita kwa akina mama. Mjomba kazi yake ni kusema, tena akishakaa kwanza na dada zake wakakubaliana. Mjomba Kondo hakukaa na dada yeyote. Watu wa Mansuri walimkuta gulioni Mkuyuni akiuza ndizi, akatia sahihi karatasi ikiwa juu ya tenga, akapewa koti la mvua lenye nembo ya kampuni. Lilikuwa koti zuri, tusiseme uongo.

Jumatatu ukungu ukaondoka. Ulishuka kabla jua halijatoka, ukapita Bigwa watu wakipiga mswaki, ukaingia barabara kuu ya Dar es Salaam na kushika upande wake wa kushoto. Kwenye mizani ya malori waliuruhusu upite bila kupimwa, kwa kuwa ulionekana hauna mzigo. Mzigo ulikuwa nao.

Kule juu, ukungu ulikuwa mzito hata mtu asilione jembe lililo mkononi mwake. Ndiyo maana tangu zamani hakuna aliyekwenda shamba bila kuitwa. Mtu wa mteremko wa pili anakuita, unaitika, na kwa sauti yake unajua njia iko wapi na korongo liko wapi. Asiyeitwa hasogei. Bibi Yustina, bibi yake Scholastika, alimwita binti yake hivyo kwa miaka arobaini: "Martina, umeamka?" Alipokufa hakuona sababu ya kuacha. Ukungu ukitua tu, sauti yake ilitokea upande wa migombani, na Martina, mama yake Scholastika, akajibu, "Nimeamka, mama," akabeba jembe akaenda. Huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja. Padri aliarifiwa mapema. Alisema haoni ubaya, mradi wasiitane wakati wa misa.

Siku kumi hazijaisha, nahodha akaandika barua kutoka kwenye boti. Wageni wameupenda sana ukungu; wanasema unanukia moshi wa kuni na majani ya maharage. Ila ndani yake kuna mwanamke mzee. Kila siku saa kumi na mbili na robo anauliza kitu, anangoja, anauliza tena kwa sauti ya juu zaidi, na haachi mpaka saa tatu. Watoto hawalali. Wanaomba aondolewe.

"Huyu mwanamke hayumo kwenye programu," Mansuri alisema.

"Ni bibi yangu mzaa mama. Alifariki."

"Pole sana. Basi nenda kaongee na watu wako."

Jumamosi Scholastika akapanda mlima. Jua lilikuwa limewaka tangu alfajiri na mabonde yote yalikuwa wazi, mpaka mapaa ya Bigwa ukayahesabu ukitaka. Njiani alipishana na Mjomba Kondo, amevaa lile koti la mvua, jasho linamtiririka. Walisalimiana tu. Mama yake alimkuta amekaa kizingitini, jembe magotini. Maharage nyuma ya nyumba yalikuwa yamemezwa na magugu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Martina hakuinuka. "Shamba sijaenda. Sijaitwa."

"Lakini njia si inaonekana?"

"Naiona, mwanangu. Naiona yote mpaka chini. Nimekwambia sijaitwa."

Scholastika akakaa kando yake.

"Yuko wapi saa hizi?" Martina aliuliza.

"Kilwa. Kesho wanaelekea Songo Mnara kutazama magofu."

"Anasema nini huko?"

"Anauliza kama umeamka."

"Na wao wanamjibuje?"

"Hawajui lugha, mama."

Martina alilitazama jembe, akalibandua udongo mkavu kwa kucha, polepole, mpaka chuma kikabaki kitupu.

"Kwa hiyo mama yangu anadhani nimekufa," akasema.

Hilo Scholastika hakuwa amelifikiria. Lilimchoma hasa, likakaa.

"Nani aliyeuuza huo ukungu?" Martina akauliza.

"Mjomba ndiye aliyesaini."

"Sikuuliza aliyesaini."

"Niliandika mimi, mama. Nilidhani ni maneno tu."

"Umesomeshwa Mzumbe kwa migongo ya watu, leo unaniambia maneno tu! Haya, kama uliandika ukaondoka, andika urudi."

Jumatatu Scholastika aliwahi ofisini kuliko mfagizi. Alijaribu kuufuta ukungu, mfumo ukamjibu kwamba kipengele kimeshathibitishwa na mgeni. Akajaribu njia nyingine. Kwenye ukurasa wa maelekezo ya asubuhi, chini ya saa za chai, akaandika: "Sauti ikiuliza, mgeni yeyote aliye karibu ajibu: Nimeamka, mama." Akaonyesha na namna ya kuyatamka, silabi kwa silabi. Ni maneno mawili, jamani. Hata mtoto wa wageni angeyaweza.

Mansuri aliisoma sentensi ile akaifuta kwa upole.

"Wageni wako likizo, Scholastika. Hatuwezi kuwapa kazi."

Akamwelekeza aandike badala yake: vizibo vya masikio, jozi nane, juu ya mto, pembeni ya chokoleti. Akaviandika. Baadaye alikwenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi kumalizia siku ya ishirini na moja.

Wageni walilala vizuri. Walitoa nyota tano, wakawaambia rafiki zao, na rafiki zao wakakodi boti mpaka Desemba, pamoja na ukungu wake. Nahodha bado huandika kila wiki. Katika barua ya mwisho alitaja, kwa taarifa tu, kwamba yule bibi sauti imeanza kumkauka, lakini haachi.

Scholastika sasa huandika jozi kumi na mbili.

Na kule mlimani, kila siku saa kumi na mbili na robo, Martina hufungua mlango, jembe begani, jua likimpiga usoni. Husimama kizingitini akageukia upande wa bahari na kusema kwa nguvu, bila kuulizwa na mtu, "Nimeamka, mama!" Husubiri mpaka saa tatu. Halafu hurudi ndani, kwa kuwa hajaitwa.